Kumfundisha Nasra Kusema Nje

Kila mnaponiuliza nilifanya kazi gani huko bara nikajibu kwamba nilikuwa nacheza tenisi, mnaniuliza tena, "Ndiyo Bi, lakini kazi?" Nimechoka. Swali hilo nimelijibu harusini, nimelijibu msibani, nimelijibu hospitali nikiwa nimelala na dripu mkononi. Juzi nilikuwa dukani Konde, mwenye duka akataka kujua kama hiyo tenisi ni ile ya mezani. Nikamwambia siyo ya mezani. Akasema, "Ahaa," akanipimia sukari yangu, kisha akauliza, "Na mumeo je, yeye alikuwa na kazi gani?"

Basi safari hii naandika, nyinyi wasichana ninaowafundisha tenisi sakafuni, maana nikisema kwa mdomo mnachekeana na kutazama simu. Ilikuwa kazi. Nikishinda nalipwa, nikishindwa sipati kitu, na nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Nimelala katika nyumba za wageni za Nairobi, Kampala, Lusaka, Harare na Tunis, nikifua nguo zangu bafuni na kuzianika kwenye viti. Nilicheza na suruali ndefu, mikono mirefu na mtandio nilioufunga kwa pini nne ili usiniponyoke, na kila nchi alitokea mtu wa kuniuliza kama sisikii joto. Nilisikia joto. Katika orodha ya wachezaji wa dunia jina langu lilikuwemo, ila chini sana, mahali ambapo watu wameshaacha kusoma. Msihangaike kunitafuta mtandaoni. Mwenzenu Nasra ameshatafuta, akapata picha moja tu, na humo nimefumba macho.

Nilivyoanza mnajua, nitafupisha. Baba yangu alitoka hapa Ole akaenda Dar es Salaam, akapata kibarua cha kutunza viwanja vya klabu moja ya tenisi: kufagia, kupaka mistari, kufunga neti asubuhi na kuifungua jioni. Mimi na ndugu zangu tuliokota mipira ya wakubwa. Mwalimu wa pale alikuwa mwanamke mmoja mfupi wa Tanga, tukimwita Mama Tausi, na sauti yake ilikuwa ikifika mpaka barabarani. Siku moja aliniona namrudishia mpira kwa kuupiga na kandambili badala ya kuurusha. Akamwambia baba, "Huyu mwanao nitamchukua," na baba hakujua atanipeleka wapi, lakini akakubali.

Raketi hakunipa. Alinipa ufagio. Nilifagia uwanja mzima kwa hatua ndogo ndogo, mbele, nyuma na ubavu, yeye akitembea pembeni kunikemea kila nilipopanua miguu. Nilidhani ananifanya mtumishi. Baadaye ndipo nilipoona kwamba miguu yangu imeshajifunza kufika kwenye mpira kabla kichwa hakijaamua. Sasa nyinyi nikiwapa ufagio mnaninung'unikia kwamba Bi Zuwena anataka kufagiliwa sakafu bure. Sakafu yenyewe si yangu, ni ya Bi Kaije, ya kuanikia karafuu. Ningekuwa nataka kufagiliwa si ningewapeleka uani kwangu?

Na mengine haya nimeshayasema mpaka ulimi umeota sugu. Anayeanzisha mpira usimtazame raketi, mtazame ule mkono unaourusha juu, ndio unaosema ukweli. Mkono ukitoka jasho funga mpini kitambaa cha kanga kuukuu, siyo kipya, kipya kinateleza. Mpira uliolowa usiuanike juani, utapasuka mapema; ufute, kisha uuweke ndani ya pishi ya mchele usiku kucha. Na msimu wa karafuu msicheze na ndara. Karafuu zikikanyagwa zinatoa mafuta, na mtu huteleza akaangukia kiuno. Fagia, mwaga mchanga mkavu, fagia tena, ndipo ucheze. Hili nimelisema mbele ya kila mmoja wenu na kila msimu mmoja wenu anaanguka.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya ndara. Nimekaa kwa ajili ya neno moja, "nje", lililonichosha kuliko safari zote nilizotaja.

Mashindano madogo hayana waamuzi wa kusimama kwenye mistari. Kila mchezaji anahukumu mipira inayoangukia upande wake. Ukianguka nje ya mstari unanyoosha kidole juu, unasema "nje", na mwenzako hana budi akubali. Sheria ni hiyo na haina maelezo zaidi. Sasa mchukue msichana aliyelelewa na mama wa Kipemba, hata akiwa Dar es Salaam. Aliyefundishwa kwamba mtu mzima haambiwi hapana, huambiwa naam, na kama una machungu ukalilie jikoni. Msichana huyo mpe mpinzani mwenye umri wa shangazi yake.

Mechi yangu ya kwanza ya malipo ilikuwa Lusaka. Mpinzani wangu alikuwa mama wa watoto wawili, ameshaanza kuwa na mvi. Tulipokutana kwenye neti nikapiga goti kidogo nikamwambia shikamoo. Yule mama alidhani nimeangusha kitu, akainama naye kunisaidia kutafuta. Tukatafuta pamoja, maana sikujua nimweleze vipi. Kisha tukaanza kucheza, na mipira yake ikawa inaanguka nje, nami naicheza. Mmoja ulianguka nje kiasi cha kiganja kizima. Niliuona vizuri, nikaurudisha kwa adabu, akashinda pointi kwa huo huo. Mama Tausi alikuwa nyuma ya uzio, haruhusiwi kusema neno wakati wa mechi, ameng'ang'ania zile nyaya kwa mikono miwili.

Nilipotoka aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Ule mpira wa seti ya pili ulikuwa wapi?"

"Nje, Mama."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ni mtu mzima, Mama."

Mama Tausi alikaa chini kwenye nyasi, mfuko wa raketi mapajani. "Zuwena," akasema, "yule si mkwe wako."

Ilinichukua miaka. Nililisema neno lenyewe mbele ya kioo, nikalisema njiani, nikalisema kwenye basi mpaka abiria wa jirani akahama kiti. Mwisho nikaliweza, kwa wapinzani. Kwa wakubwa wa kazi sikuliweza kamwe. Tunis bega langu la kulia lilichanika. Mama Tausi hakusafiri nasi safari ile, na mkuu wa msafara alikuwa mzee mmoja mwenye heshima zake, mpole, anayeswali kwa wakati. Alipoona nimeshika bega akasema, "Jikaze, tumetoka mbali." Nikasema, "Naam, Mzee." Nikacheza mechi ile, na ya pili yake, na baada ya hapo sikuweza kuinua mkono kufunga mtandio wangu. Daktari alipokuja kunitazama kazi yangu ilikuwa imekwisha. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alinambia jikaze kama watu wote wanavyoambiwa jikaze, na angenisikia naumwa angenitoa. Mdomo wangu ndio haukufanya kazi, na mpaka leo nikilikumbuka hilo nakasirika peke yangu jikoni.

Nikarudi Ole, kwenye nyumba aliyoniachia mama yangu. Jirani yangu, Bi Kaije, ana sakafu kubwa ya saruji ya kuanikia karafuu, iliyomwagwa na marehemu mumewe, pana kuliko yote ya mtaa huu. Nilipoiona mara ya kwanza nilipima kwa miguu nikaona uwanja unaenea. Nikaenda kumuomba. Aliniuliza tenisi ni kitu gani, nikamweleza, akaniuliza kama mtu mzima mwenye akili zake anafanya kitu hicho. Lakini alinikubalia, kwa sharti kwamba karafuu zikija mimi nakaa pembeni. Neti yetu ni ya kuvulia samaki, tumeikunja mara mbili. Mistari nimeipaka mwenyewe, na kila msimu inafutika chini ya majamvi nami naipaka upya. Msimu ukikaza tunabaki na kipande kidogo cha kuchezea, na akina mama wamekaa ukingoni wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, mikono inakwenda, macho yapo kwetu. Hakuna uwanja wenye waamuzi wengi kama ule. Kila mpira ukianguka watu saba wana maoni.

Hapo ndipo alipokuja Nasra, yu darasa la saba, kwa sababu mpira ulikuwa umeingia uani kwao na yeye akaurudisha kwa kuupiga na ubao wa kukatia mboga. Kwa mkono wa kushoto. Nilisimama nikasahau nilichokuwa nafanya. Mkono ule wa kushoto unaupeleka mpira mahali ambapo mpinzani hakutarajia, na kufundishika haufundishiki, mtu anazaliwa nao. Bi Kaije alikerwa nao tangu siku ile. "Nkono wa kushoto, Zuwena? Hata hilo hulikatazi?" Nikamwambia wa kulia atalia wali, wa kushoto tutauacha ucheze.

Nilimfundisha miaka minne. Alikuja kila siku baada ya alasiri, mvua isiponyesha. Nilichomwambia alikifanya. Sijawahi kuona mtoto msikivu kama yule, na ningekuwa na akili hilo lingenishtua mapema. Mtu mmoja alimrekodi kwa simu, picha zikafika bara, na kituo kimoja cha mafunzo ya tenisi kikanipigia. Wanamtaka. Atakaa huko, atasoma huko, atasafiri. Wakataka jibu kabla skuli hazijafunguliwa.

Mama yake, Bi Mize, alinambia, "Huko weye ndiye unakujua. Ukisema aende, ataenda. Ukisema bado, basi bado." Mzigo wote akaniweka mimi kichwani, akaenda zake kuchuma karafuu.

Nami nilitaka aende. Nilitaka mpaka usingizi ukaniruka. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu. Kwenye mashindano ya Chake Chake alicheza na mwalimu mmoja wa skuli, dada mkubwa tu, na mipira ya yule dada ilianguka nje hata akina mama wa Ole waliokuja kumshangilia wakaona. Nasra alikuwa anaicheza. Nikauona uzio wa Lusaka, na safari hii nyuma yake nimesimama mimi. Nilipomuuliza akanijibu, "Ni mwalimu, Bi." Nilikaa chini pale pale nikajishika kichwa.

Huko kituoni atakuwa mbali na mama yake, kati ya watu wazima atakaowapa shikamoo asubuhi na jioni. Siku mmoja wao akimwambia cheza na bega limechanika, au akimwambia neno jingine lisilofaa kuambiwa mtoto wa watu, nani atamsemea? Nikaamua kwamba sitompa Bi Mize jibu lolote mpaka mtoto huyu amwambie mtu mzima hapana usoni mwake. Na mtu mzima niliyekuwa naye karibu ni mimi.

Basi nikaanza kudhulumu. Kila tulipocheza, mpira wake ukianguka ndani upande wangu, nanyoosha kidole: "Nje." Nasra anaitikia, "Sawa, Bi." Mwanzo nilichagua ile ya mistarini. Alipoendelea kusema sawa nikasogea, nikaita nje mipira iliyoanguka shubiri nzima ndani. "Sawa, Bi." Nikaita nje mpira ulioangukia mguu wangu. "Sawa, Bi." Nilitamani kumrushia raketi. Nilikuwa nakwenda kulala nimechoka kwa hasira, si kwa mchezo.

Wasiosema sawa walikuwa wengine. Bi Kaije aliacha kuchambua. "Zuwena, muogope Mungu. Mpira umo ndani, mie nauona hapano nilipo."

"Uko nje, Bi Kaije."

"Mie sina miwani na nauona. Weye una miwani."

Sikuweza kumweleza, maana Nasra angesikia na kazi yote ingeharibika. Habari zikaenea Ole nzima kwamba Bi Zuwena uzee umemuingia vibaya, anawaonea watoto. Muuza samaki aliacha kunichagulia walio wazuri. Mwisho akaja Bi Mize mwenyewe, amesimama mlangoni hataki kuingia.

"Naambiwa unamuonea ntoto."

Nikamvuta ndani nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. "Kwa hiyo mie nimemlea asiniambie hapana," akasema, "nawe wamfundisha kuwaambia watu wazima hapana."

"Nataka awaambie wa huko bara."

"Akishajua kuwaambia wa huko, mie atanisaza?"

Nikamwambia anywe chai. Akanywa, lakini hakuonekana kuridhika.

Siku zikabaki chache. Kituo walishapiga mara mbili. Alasiri moja jua limepungua, tunacheza kwenye kile kipande chetu, majamvi yamejaa karafuu nyekundu upande wa pili. Nasra akaupiga mpira kwa ule mkono wake ukaanguka katikati kabisa, mbali na kila mstari niliowahi kupaka. Nikanyoosha kidole. "Nje."

Hakusema sawa. Alisimama. Kisha akaja mpaka kwenye neti, raketi kifuani.

"Ulikuwa ndani, Bi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Umesemaje?"

"Ulikuwa ndani. Na wa jana ulikuwa ndani. Na wa juzi ule uliokupiga nguuni ulikuwa ndani, Bi, na weye wajua."

Nilitupa raketi chini. Nilimkumbatia juu ya neti, Mungu anisamehe, nikalia mbele ya watu. Bi Kaije akasema alhamdulillahi, akidhani nimetubu. "Imekwisha," nikamwambia Nasra. "Leo leo nakwenda kwa mama yako. Unakwenda bara."

"Siendi, Bi."

Mwanzo sikumsikia, nilikuwa naokota raketi. Akarudia. "Siendi. Kucheza napenda. Kuifanya kazi sitaki. Nataka kumaliza skuli nikasomee ukunga, nikae hapa Pemba."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na kwa nini hukusema siku zote hizi?"

Alinitazama kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. "Hukuniuliza, Bi. Uliniambia tu."

Wanangu, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na wengine wenu mlikuwepo, msiyarudie. Nilimwambia kuhusu mkono ule, kuhusu miaka minne, kuhusu wasichana wangapi wangeitaka nafasi ile kwa kilio. Alisikiliza yote kwa adabu, kichwa ameinamisha, na nilipomaliza akasema, "Nimesikia, Bi. Siendi." Nikaenda kwa Bi Mize nikitumai atamlazimisha. Bi Mize alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alikuwa amefurahi, hakunificha, na hilo nalo lilinikera.

Niliwapigia kituo. Wakaniuliza kama ni wazazi waliokataa, maana wasichana wa visiwani wazazi ndio hukataa. Nikasema ni mwenyewe. Wakaniuliza tena kama nina hakika si wazazi. Nikawaambia nina hakika kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na kitu chochote, nikakata simu. Msichana wa Ole, sakafu nzima inamtazama, alisimama mbele ya mtu mzima aliyemfundisha kila kitu akamwambia sitaki. Mimi nilikuwa mwanamke mzima, nimezunguka nchi kadhaa, na Tunis sikuweza kusema naumwa. Nilijua alichokifanya ni kikubwa. Kujua hakukunipunguzia hasira hata kidogo, nisiwadanganye.

Kesho yake, baada ya alasiri, alikuja kama kawaida na raketi yake kwapani, amesimama ukingoni hajui kama nitamfukuza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpangia la kufanya. Nikaufunga. Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Leo unataka tufanye nini?"

Alishtuka kidogo. Akafikiri, akatazama neti, akatazama majamvi. "Leo tukae tu, Bi," akasema. "Mie nimechoka."

Tukakaa kwa Bi Kaije tukachambua karafuu mpaka magharibi. Nilichukia kila dakika ya siku ile, lakini nilikuwa nimeuliza mwenyewe.